Maswali ya wasomaji: Kabla hujaweka sahihi kwenye kamati ya kituo cha afya

Barua za toleo hili zimetoka kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali mkoani Dodoma. Hawa ni wananchi wanaojitolea, hawana mshahara wa kazi hii, na wengi wao wanalalamikia jambo moja: karatasi inaletwa, kalamu inaletwa, wanaambiwa "saini hapa." Tumejibu kwa urefu pale ambapo mjumbe anaweza kuhesabu kitu kwa mkono wake.

Mkutano mkuu wa kijiji umenichagua kuingia kwenye kamati ya zahanati yetu. Mimi ni mkulima wa mtama na ufuta, uuguzi siujui. Nitasaidia nini pale?
*Mjumbe mpya, Bahi*

Ndugu yetu, hukuchaguliwa kutibu. Umechaguliwa kuangalia kama zahanati inaendeshwa sawasawa kwa niaba ya wanaoitumia, na kwa muda wa miaka 3 hiyo ndiyo kazi yako. Mwenyekiti hutoka upande wa wananchi, na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ndiye katibu. Kamati haiajiri wala haifukuzi mtumishi, na haimwambii tabibu aandike dawa gani. Inapitisha mpango na bajeti ya kituo, inafuatilia mapato na matumizi, inashuhudia dawa zikipokelewa na inapeleka malalamiko ya wananchi mahali yanapojibiwa. Mtumishi akikosea, kamati inaandika kwa Mganga Mkuu wa halmashauri. Haimwiti kumhukumu.

Kwenye kikao chako cha kwanza usikubali kusomewa tu. Omba uone mihtasari ya vikao vinne vilivyopita, mpango wa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, taarifa ya benki ya miezi mitatu, na orodha ya dawa zilizokosekana katika robo iliyopita. Taarifa ya benki ina uzito wa pekee. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, zile ambazo wengi wanaziita fedha za basketi, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zamani zilipitia halmashauri, na kamati ingeweza kusema haijui. Sasa akaunti ni ya kituo chenu, na mwananchi akiuliza fedha zimefanya nini, wa kujibu ni nyinyi.

Jambo moja la kujiepusha nalo: usifungue rejesta za wagonjwa. Jumla ya wagonjwa unaruhusiwa kuiuliza, ila majina na magonjwa yao hayakuhusu, hata kama mgonjwa ni ndugu yako.

Gari la dawa likifika tunaitwa haraka, maboksi yameshashushwa, tunasaini hati na kuondoka. Tunapaswa kukagua nini hasa?
*Wajumbe wawili, Chamwino*

Mnapaswa kukagua kabla gari halijaondoka. Hapo ndipo upungufu unapoandikwa kwenye hati na dereva akautambua kwa sahihi yake. Gari likishaondoka, boksi lililopungua linakuwa deni la kituo.

Kaeni watatu: mtunza stoo anasoma hati, mjumbe mmoja anahesabu, mwingine anaandika. Kwa kila dawa angalieni jina, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na idadi. Boksi lililofunguliwa au kulowana lihesabiwe hadi ndani. Dawa za Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa kwenye vituo vya umma, zina alama ya MSD, kifupi cha jina lake la Kiingereza, kwenye vifungashio. Izoeeni alama hiyo, kwa sababu siku ikionekana kwenye duka la mtu binafsi hapo kijijini mtajua imetoka wapi.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la kipimo. Hati inaandika "10" ikimaanisha makopo 10 ya parasetamo, kila kopo vidonge 1,000. Mtunza stoo anaingiza 10 kwenye leja ambayo siku zote imekuwa ikihesabu vidonge. Vidonge 9,990 vimetoweka kwenye maandishi bila mtu kuiba hata kimoja, na anayetaka kuiba amepata mwanya. Kwa hiyo sahihi yenu isiwekwe mpaka muone mstari wa leja umeandikwa: tarehe, namba ya hati, kiasi kilichoingia na salio jipya, vyote kwa kipimo kilekile cha mstari wa juu yake.

Dawa mseto ya malaria ina mtego wake. Pakiti zake ni za vidonge 6, 12, 18 na 24 kulingana na uzito wa mgonjwa. Za vidonge 24 zikiisha, mtoa dawa anaunganisha pakiti nne za 6 kumtibu mtu mzima. Ni halali, lakini leja inayohesabu dozi itaonyesha wagonjwa wanne ambapo alikuwa mmoja. Salio lisipolingana, badilisheni pakiti zote kuwa vidonge kwanza, mhesabu upya, ndipo muulize maswali. Kisha linganisheni dozi zilizotoka mwezi huo na idadi ya waliopimwa na kukutwa na malaria. Dozi zikizidi sana wagonjwa, hilo ni la kuandikwa kwenye muhtasari na kutolewa maelezo.

Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, inatunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Joto la Dodoma mwezi Oktoba na Novemba halisamehi. Mkiikuta kwenye boksi la karatasi juu ya meza, ulizeni imekaa hapo tangu saa ngapi, kwa sababu sindano iliyopoteza nguvu haibadiliki rangi wala harufu. Mama ndiye atakayeonyesha kwamba haifanyi kazi.

Katikati ya mwezi mnaweza kurudi, mchague dawa tatu mnazotaka nyinyi, mhesabu rafuni na kulinganisha na leja. Tofauti ndogo inaweza kuwa dawa iliyotoka asubuhi na haijaandikwa. Zilizoisha muda zitengwe, ziorodheshwe na zisubiri utaratibu wa uteketezaji kupitia ofisi ya Mganga Mkuu. Msikubali zichomwe kwenye shimo la taka nyuma ya choo.

Na dawa ikikosekana Bohari, hilo si jibu la mwisho. Mkoa wa Dodoma ndio ulioanza mfumo wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa, unaojulikana kama Jazia, mwaka 2014, kabla haujasambazwa nchi nzima. Kituo kikipata taarifa ya maandishi kwamba Bohari haina dawa fulani, kinaagiza kwa mshitiri wa mkoa kwa bei zilizoshindanishwa, kikilipa kwa fedha zake. Kazi ya kamati ni kushika orodha ya bei hizo mkononi wakati ankara inasomwa.

Kituo chetu kinasema kinakusanya kidogo mno. Tutajuaje kama ni kweli?
*Mjumbe, Kondoa*

Kwa hesabu ya kutoa. Chukueni jumla ya mahudhurio ya mwezi kutoka taarifa ya MTUHA, mfumo wa takwimu za huduma za afya. Toeni wenye msamaha, yaani wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wengine waliotajwa na sera. Toeni wenye bima. Waliobaki ndio wa papo kwa papo, yaani wanaolipa fedha taslimu.

Tuseme mahudhurio ni 420, wenye msamaha 230, wenye bima 110. Wanabaki 80. Kama ada ya kumwona tabibu mliyoipitisha ni shilingi 2,000, basi ada hiyo peke yake ingepaswa kuleta shilingi 160,000, kabla ya vipimo na dawa. Taarifa ya benki ikionyesha 60,000, ziko sababu tatu za kuchunguza. Huenda misamaha imeongezwa kwenye karatasi. Huenda watu wanalipa mkononi bila namba ya malipo ya serikali. Au kituo kinatumia fedha mbichi, yaani makusanyo yanalipia mafuta ya jenereta au vibarua kabla hayajafika benki. Hii ya tatu mara nyingi hufanywa kwa nia njema, mtandao umekatika na mgonjwa anasubiri. Bado ni kosa, kwa kuwa matumizi yasiyopita benki hayana mtu aliyeyaidhinisha, na mkaguzi akija hayatofautishi na wizi.

Msianze kwa kutuhumu. Ombeni hesabu hiyo ya miezi mitatu iwekwe ubaoni kikaoni, mganga mfawidhi aieleze mwenyewe.

Wajawazito wanaambiwa waje na glavu na pamba. Nikimuuliza nesi anasema hakuna. Mimi nifanyeje?
*Mama mjumbe, Mpwapwa*

Mama, huduma za ujauzito na kujifungua kwenye vituo vya umma ni bure kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, kwa hiyo mwananchi anayelalamika ana haki. Nesi naye huenda anasema kweli. Nenda kwenye maombi ya vifaa yaliyopita. Tuseme kituo kinazalisha wanawake 30 kwa mwezi na kila uzazi unatumia jozi tatu za glavu tasa: hizo ni jozi 90 kwa mwezi. Kama maombi yaliandikwa jozi 100 kwa miezi miwili, upungufu ulianzia kwenye karatasi. Kama yaliandikwa vizuri na Bohari ikaleta pungufu, uliza kwa nini mshitiri hakuagizwa wakati akaunti ina fedha.

Sanduku la maoni nalo liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mjumbe wa wananchi, mwingine kwa mganga mfawidhi. Lifunguliwe mbele ya wote wawili, na majibu yabandikwe ubaoni bila majina. Pale ambapo funguo zote ziko kwa mtumishi, watu hawaandiki.

Tunajenga wodi ya wazazi kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa wenyewe na kuajiri mafundi wa hapa badala ya mkandarasi. Nimewekwa kamati ya mapokezi. Fundi anasema nondo ni za milimita 12, mimi naziona nyembamba.
*Kongwa*

Macho hayatoshi hapa, tumia mizani. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo kipande kizima cha mita 12 kinakaribia kilo 10.7. Ya milimita 10 ni takriban kilo 7.4 kwa urefu huohuo. Pima vipande vitano kutoka sehemu tofauti za mzigo kwa mizani ya kununulia mazao, ujumlishe na ugawe kwa tano. Ikija kilo 8, mzigo urudi na gari lililouleta. Nondo nyembamba haionekani tena zege likishamwagwa, na itakuja kubeba uzito juu ya vichwa vya wazazi.

Mchanga hupimwa kabla haujamwagwa. Pima bodi la lori kwa ndani: urefu mita 4, upana mita 2 na kina cha mchanga sentimita 60 ni mita za ujazo 4.8. Kina upime baada ya kusawazisha, si kwenye kilele. Mchanga uliotoka korongoni unaweza kuwa na tope jingi. Tia mchanga kwenye chupa angavu hadi milimita 50, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope litatua juu. Likizidi milimita 3, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Saruji: hesabu mifuko ya kilo 50 mwenyewe, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Daftari la stoo lionyeshe kila siku mifuko iliyotoka na kazi iliyofanyika.

Kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ziwe na watu tofauti. Aliyenunua asipokee.

Vikao vyetu havifikii akidi. Wajumbe wanasema hakuna posho.
*Katibu wa kamati, Chemba*

Posho ya kikao inalipwa kama imo kwenye bajeti mliyoipitisha, kwa hiyo suala hilo liingizwe wakati wa kupanga, si siku ya kikao. Lakini mara nyingi tatizo ni ratiba. Kikao cha robo kikiangukia siku ya mnada au asubuhi ya Januari watu wakiwa kwenye palizi, hawatakuja hata kwa posho. Pangeni tarehe zote nne za mwaka kwa mara moja, wiki ya pili baada ya robo kufungwa, na ya Januari iwe alasiri. Karatasi ziwafikie wajumbe siku saba kabla. Msikusanye sahihi nyumba kwa nyumba kujaza muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa. Huo ni uongo wa maandishi na unawafunga wote waliosaini.

Mwenyekiti wetu ana duka la vifaa vya ujenzi na kituo kinataka mabati. Je, azuiwe kuuza?
*Dodoma mjini*

Manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo bei yake itashindana na za wengine. Hata hivyo, mtu hawezi kuwa muuzaji na mwidhinishaji. Akitaka kuuza, atamke maslahi yake mwanzoni mwa kikao, atoke chumbani ajenda hiyo ikijadiliwa, asiwepo kwenye mapokezi ya mabati hayo, na mjumbe mwingine aongoze. Muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.