Kikombe cha embe kina gramu ngapi?

Menya embe, likate vipande vya sentimita mbili hivi, ujaze kikombe cha mililita 240. Mizani itasoma karibu gramu 165. Lisage jingine kwenye blenda, ujaze kikombe hichohicho: gramu 230 hadi 240. Katikati ya vipande kuna hewa. Kwenye rojo hakuna.

Jamu nyingi huharibikia hapo. Mapishi yanasema kikombe cha tunda kwa kikombe cha sukari, na kikombe cha sukari ni gramu 200. Ukitumia vipande, sukari imelizidi tunda: jamu inakereketa koo, na ikikaa chupani inaweza kufanya chenga. Ukitumia rojo, tunda ndilo limezidi. Jamu inachelewa kushika, nawe unazidi kuichemsha mpaka inageuka kahawia. Jamu ipimwe kwa gramu, tunda na sukari, basi.

Kwa keki, mkate wa ndizi au saladi, kikombe kinafaa ukishika tarakimu chache. Kwa mililita 240, nanasi la vipande ni gramu 165 kama embe, papai la vipande 145, ndizi mbivu zilizokatwa mviringo 150, zilizopondwa 225. Tunda lisilo kwenye orodha? Vipande, zidisha mililita kwa 0.65, kilichopondwa, kwa 0.95. Hayo ni makadirio, lakini keki haitakataa. Jaza bila kusindilia, ufute juu kwa mgongo wa kisu. Ukisindilia papai bivu umeshaanza kuliponda.

Halafu, kikombe gani? Cha Marekani ni mililita 240, cha Australia 250, na cha chai cha kabatini ni bahati nasibu. Kiweke kitupu kwenye mizani, irudishe sifuri, ujaze maji: gramu za maji ndizo mililita zake. Kama huna mizani, fungua chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaza vikombe viwili barabara, unacho cha 250.

Kinachowapiga chenga wengi zaidi ni maganda. Sokoni unanunua tunda zima, mapishi yanataka nyama yake. Ganda la ndizi hula kama theluthi ya uzito, kwa hiyo ndizi ya gramu 180 inakuachia 120, na mbili za namna hiyo zinatosha kikombe cha ndizi zilizopondwa. Nanasi ni baya zaidi: ukitoa ganda, majani na moyo, karibu nusu imekwenda, na kilo moja inabaki vikombe vitatu vya vipande. Pasheni moja ndogo hutoa kama gramu 18 za nyama na mbegu, hivyo kikombe kinataka 13 hivi. Ukichuja mbegu, ongeza.

Soma pia mpangilio wa maneno. "Vikombe 2 vya ndizi zilizopondwa" ni gramu 450. "Ndizi zilizokatwa vikombe 2, kisha ziponde" ni gramu 300, na zikishapondwa hazifiki hata kikombe kimoja na nusu. Unga ukiwa uleule, mkate wa kwanza utatoka umelowa katikati.

Matunda ya friza yapime yakiwa bado na barafu. Yakishayeyuka hunywea, kikombe kinadanganya. Na maji yaliyotoka usiyamwage, ni sehemu ya uzito ule.