Mkuu akisema "weka muvi", mkutubi ufanyeje?

Wiki iliyopita niliandikiwa na mkutubi wa sekondari moja ya bweni mkoani Tanga. Ndiyo kwanza ameajiriwa. Kwa ruhusa yake nauweka ujumbe kama ulivyo: "Shikamoo dada. Fomu Foo wakimaliza mock, mkuu anataka niwawekee muvi mpya ya Marekani bwaloni Jumamosi usiku. Ameileta mwenyewe kwenye flashi. Wazazi wataalikwa, kiingilio buku mbili, hela inunue feni za maktaba. Nikikataa nitaambiwa najifanya mjuaji. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Feni za maktaba! Hapo ndipo walipokuweza, maana wanajua mkutubi akitajiwa maktaba yake analegea. Na najua unataka kufika mbali kwenye kazi hii kama nilivyotaka mimi, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Mimi niko Bagamoyo. Kamji haka kana chuo cha ukutubi na kana chuo cha sanaa, TaSUBa, ambako vijana wanasomea hadi kutengeneza filamu. Ungedhani hapa hakuna wa kuelezwa hakimiliki, yaani haki ya mtu juu ya kazi aliyoibuni, ni nini. Thubutu.

Shule niliyokuwa nikifanya kazi wakati ule ilipewa projekta na wafadhili. Kwa kuwa ilikaa kabatini kwangu, basi na mimi nikawa mtu wa sinema. Kwenye masomo haikuwa na shida yoyote. Mwalimu wa Jiografia anataka watoto waone volkano inavyolipuka, anakuja na somo lake, tunaweka dakika kumi, tunazima, wanaandika. Shida ilikuja pale kamati moja ya walimu ilipobuni usiku wa sinema wa kuchangisha fedha. Mwenyekiti wake akaniletea flashi saa tisa alasiri, onyesho saa moja usiku.

Nikaichomeka kwenye kompyuta nione kama inafunguka. Kitu cha kwanza kupita kilikuwa namba ya simu ya muuza muvi, maandishi ya njano yanatembea chini ya skrini. Filamu ilipoanza nikasikia mtu anakohoa, na hakuwa mwigizaji. Haukupita muda kichwa kikainuka mbele ya picha, kikakatiza, kikapotea. Kumbe ni mtazamaji wa huko ukumbini ilikorekodiwa kwa kuibia, kaenda zake msalani, na sisi tulikuwa tunajiandaa kumtoza mzazi wa Magomeni na Dunda za hapa Bagamoyo hela ya kumtazama.

Nikamfuata mwenyekiti. Nikamwambia, "Mwalimu, hii siwezi kuiweka."

"Kwa nini, ina picha chafu?"

"Haina. Ni ya wizi."

Akacheka. "Sisi ni shule bwana, hatufanyi biashara." Alinijibu hivyo kitabu cha tiketi kiko mkononi.

Jioni ile projekta ikahamia ofisini kwao na funguo za kabati nikanyang'anywa. Kwenye kikao cha Jumatatu nikaitwa "Mama Hakimiliki" mbele ya walimu wote, jina likanata, hadi wapishi wa jikoni wakawa wananiita hivyo. Sitakudanganya kwamba polisi walikuja. Hawakuja. Bwalo lilijaa, watu walicheka, hela ikapatikana. Mimi niliyekuwa na haki nilikuwa nyumbani nakuna nazi. Miaka imepita lakini nikikumbuka kile kicheko cha kikaoni roho bado inaniuma, na waliocheka wengine wanasoma hapa. Salamu zenu.

Sasa tuje kwa mkuu wako. Usimwendee na hasira, mwendee na maneno yenye mguu wa kusimamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inampa mwenye filamu haki ya kuamua nani aionyeshe hadharani. Akikuambia hiyo ni ya Wamarekani haituhusu, mkumbushe kwamba Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na nchi zilizomo zinalindiana kazi. Filamu kwa sheria yetu inalindwa miaka 50, kwa hiyo hata ile ya zamani anayodhani imeshakuwa ya kila mtu, ahesabu kwanza.

Mkataba huo huo, ibara ya 10, umeziachia nchi mlango kwa ajili ya kufundishia: sheria zao zinaweza kuruhusu kazi ya mtu itumike kama kielelezo cha somo, kwa kiasi ambacho somo linahitaji, kwa uungwana, na mwenye kazi atajwe. Mlango huo ndio uliompitisha mwalimu wangu wa Jiografia. Bwalo lenye wazazi, soda na kiingilio haliwezi kupita hapo hata likiinama.

Wapo watakaokuchapishia karatasi za intaneti kuonyesha kwamba walimu wa Marekani wanaruhusiwa. Ni kweli, kifungu cha 110(1) cha sheria yao kinamruhusu mwalimu kuonyesha hata filamu nzima, lakini darasani, ana kwa ana na wanafunzi wake, shule isiyo ya faida, iwe sehemu ya kufundisha, na nakala isiwe ya magendo. Uingereza nako, sheria yao ya hakimiliki ya 1988, kifungu cha 34, inaruhusu filamu ya somo mbele ya walimu na wanafunzi, na imetamka wazi kwamba mzazi hahesabiki kuwa mtu wa shule kwa sababu tu mwanawe anasoma hapo. Kwa hiyo hata kwa sheria za wenyewe, Jumamosi ya mkuu wako inakwama. Na sisi tuna sheria yetu.

Kuna na wale wa "DVD nimenunua dukani, risiti hii hapa." Vizuri, amenunua khanga: ajifunge, amtunze shangazi, lakini asiende kiwandani kuchapisha ua lile na kuliuza. Onyesho la hadhara ni ruhusa nyingine kabisa, inaombwa peke yake. Wa Netflix nao waambie akaunti ile masharti yake ni matumizi binafsi ya nyumbani. Zipo filamu chache za kumbukumbu ambazo Netflix wenyewe wameruhusu zionyeshwe mara moja kwa elimu bila kiingilio, na ruhusa hiyo huandikwa kwenye maelezo ya filamu husika. Usipoikuta imeandikwa, haipo. YouTube vilevile, tazama nani kaipandisha. Mtu anayejiita "Muvi Mpya" si mwenye filamu.

Basi nikakaa bila projekta muhula mzima (uliobaki wa mwaka ule nauruka, ulikuwa wa kuhesabu vitabu na kumeza mate). Shule zilipofunguliwa Januari nikamtafuta kijana mmoja aliyepita chuo cha sanaa, ana filamu yake fupi ya wavuvi. Nikamwambia hela sina, ukumbi ninao, na watoto wenye maswali ninao. Akakubali. Nikaandika ukurasa mmoja tu: jina la filamu, siku, mahali, watazamaji ni wanafunzi na walimu, bila kiingilio, onyesho moja, nakala anakuja nayo na anaondoka nayo. Akasaini, nikasaini.

Siku hiyo matroni akatoa shuka jeupe, tukalibana kwa pini kwenye kamba ya nguo, maana ukuta wa bwalo umejaa masizi. Filamu ikaisha mapema, maswali hayakuisha. Binti mmoja wa Fomu Tuu akamuuliza ngalawa alikodi kwa shilingi ngapi. Akaitaja. Akamuuliza tena, na waigizaji je? Akasema wawili bado wanamdai, hajawamalizia. Akaeleza kwamba alipoanza kuiuza aliikuta tayari iko kwenye flashi za watu stendi, na kijana aliyekuwa akiiuza hakujua kwamba anamuuzia aliyeitengeneza. Watoto walicheka, kisha wakaona haya kwa kucheka. Mwenyekiti wangu wa tiketi alikuwa kiti cha mbele, akapiga picha nyingi akazituma kwenye grupu la wazazi kana kwamba wazo ni lake. Nilimwachia. Funguo zangu zilirudi wiki hiyo hiyo bila mtu kuomba samahani.

Wakutubi tunapenda kulalamika kwamba hatuheshimiwi. Tutaheshimiwa vipi? Mtoto akichana ukurasa wa kitabu tunamwita mzazi, kisha Jumamosi tunamkalisha chini tumwonyeshe kilichoibwa, tena kwa kiingilio. Anayejua maana ya hakimiliki shuleni ni nani kama si wewe? Mwalimu wa zamu? Ukinyamaza wewe, hakuna mwingine atakayesema, na usijifiche nyuma ya "nimeagizwa".

Kwa hiyo uliza nakala imetoka wapi. Uliza watoto wanakaa pale kujifunza nini. Halafu uliza tena nakala imetoka wapi, kwa sababu mara ya kwanza utajibiwa "we weka tu". Fungua daftari la maonyesho kama ulivyo na daftari la kuazimia: tarehe, filamu, darasa, mada, mwalimu, dakika zilizoonyeshwa, chanzo cha nakala. Mwalimu akifika kwenye safu ya chanzo utamwona anavyoizungusha kalamu. Na kumbuka umri wa watoto na madaraja ambayo Bodi ya Filamu huzipangia filamu. Hilo ni jambo jingine, halimalizwi na ruhusa ya mwenye kazi.

Feni usiziache zife. Mwambie mkuu mfanye usiku wa ngonjera na maigizo ya watoto wenyewe, kiingilio kile kile, wazazi watakuja kuwaona wanao. Filamu mwombe mtengenezaji wa hapo hapo Tanga, kwa karatasi kama ile yangu. Na kama bado anaing'ang'ania ile flashi, mwombe kwa adabu akuandikie agizo hilo kwa barua yenye muhuri wa shule, ukaliweke kwenye faili.