"Mimi si kea, ni binti yake"

SWALI

Dada, pole na majukumu. Mama yangu ana miaka 74. Alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kulia umelegea, na tunaishi pamoja hapa England. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemvalisha na kumpa dawa, na usiku naamka mara mbili au tatu kumpeleka msalani. Zamani nilikuwa nafanya kazi ghalani siku tano kwa wiki, sasa nimebaki na zamu mbili za saa nane nane. Nilipiga simu halmashauri, wakatuma mtu kuja kumtathmini mama, halafu ikaja barua kwamba anajiweza. Rafiki yangu anasema kuna posho na huduma kwa watu wanaouguza ndugu zao nyumbani bila malipo. Lakini mimi si kea, ni binti yake. Je, kuna chochote kwa mtu kama mimi? Na nikianza kuomba, hawatakuja kumchukua mama?

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na hofu yako ya mwisho, maana naijua inavyowafunga watu midomo. Kuomba msaada hakumpi mtu ruhusa ya kumwondoa mama yako nyumbani. Maadamu mama ana akili zake timamu, yeye ndiye anayeamua aishi wapi, na sheria ya mwaka 2005 inayohusu uwezo wa mtu kujiamulia inamlinda. Katika kazi hii ya ustawi wa jamii, wazee niliowaona wakiondoka nyumbani kwa haraka ni wale ambao binti au mke alianguka kwa uchovu, na hakuna aliyekuwa amejiandaa.

Sasa hilo neno, kea. Kwetu Waswahili wa huku, kea ni mtu aliyeajiriwa na wakala, ana sare na zamu. Binti anayemwogesha mama yake hana cheo, anatimiza wajibu. Ofisi za England zinamwita "carer", yaani mtunzaji, hata kama halipwi senti, na sensa ya 2021 ilihesabu watu wa namna yako milioni 5 England na Wales. Aliyeanza kuwasemea alikuwa binti kama wewe: Mary Webster, mchungaji wa kanisa, aliacha kazi mwaka 1954 kuwauguza wazazi wake, na mwaka 1963 akaandika barua magazetini kueleza maisha hayo. Mwaka 1965 barua zile zikazaa chama, ambacho leo ndicho Carers UK. Posho ya kwanza ya watunzaji ilikuja 1976, na wanawake wenye waume wakanyimwa hadi 1986 kwa hoja kwamba wao wangekuwa nyumbani hata hivyo. Kwa hiyo naomba ulikubali jina hilo bila kuona kwamba umeuvua ubinti wako. Mafaili yote yanafunguliwa kwa jina hilo.

Tathmini iliyofanyika ilikuwa ya mama. Wewe una yako. Sheria ya huduma za jamii ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015, inailazimu halmashauri kumtathmini mtunzaji yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, bila kujali saa anazotumia wala pesa alizo nazo. Unayo haki hiyo hata kama mama ameambiwa hastahili huduma, na hata angekataa yeye mwenyewe kutathminiwa. Ukipiga simu, tamka kwa Kiingereza maneno haya mawili: "carer's assessment", yaani tathmini ya mtunzaji. Ukisema tu unaomba msaada kwa ajili ya mama, watakurudisha kwenye barua ile ile.

Lakini barua hiyo nayo nina mashaka nayo, na hapa nitakaa kidogo.

Nimeketi kwenye tathmini nyingi za wazee wetu. Mama amekaa wima kitini, amevaa vizuri, mgeni yupo. Afisa anauliza: unaweza kuvaa mwenyewe? Mama anajibu, "Naweza, mwanangu, tunamshukuru Mungu." Unaweza kula? "Nakula vizuri." Binti amesimama mlangoni, anajua kwamba asubuhi hiyo kumvalisha blauzi kumechukua dakika arobaini na mama amelia kwa maumivu ya bega. Ananyamaza, kwa sababu kumkanusha mama mbele ya mgeni ni utovu wa adabu. Afisa anaandika kwamba anajitegemea. Hakuna aliyesema uongo. "Naweza" ya mama imebeba mambo mengi: naweza nikishikwa, naweza polepole, naweza ila jana nilianguka.

Kanuni za sheria ile ya 2014 zinayatambua hayo yote. Mtu anahesabiwa kuwa hawezi jambo ikiwa hawezi bila kusaidiwa. Au anaweza ila kwa maumivu makubwa, dhiki au wasiwasi. Au anaweza ila anahatarisha afya au usalama wake au wa mwingine. Au anaweza ila inamchukua muda mrefu mno kuliko kawaida. Orodha ina mambo kumi, kama kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani na kuwa salama nyumbani. Akishindwa mawili au zaidi kwa maana hiyo, na ustawi wake ukaathirika sana, anastahili. Kwa maelezo yako mama ana zaidi ya mawili. Waandikie halmashauri kuomba atathminiwe upya, ueleze kwamba mara ya kwanza hali yake halisi haikuelezwa. Omba mkalimani wa kazi hiyo, usikubali kutafsiri wewe wala mtoto wa nyumbani. Na omba kuzungumza na afisa faragha, hata kwa simu kabla hajafika. Huko utasema kila kitu bila kumvunjia mama heshima.

Kabla ya siku hiyo, nunua daftari. Kwa siku saba andika kila unachofanya, saa uliyoanza na dakika ulizotumia, hasa usiku. "Ameita. Nimemkalisha, nimempeleka msalani, nimemrudisha, dakika 25. Ameita tena, shuka zimelowa, nimebadilisha zote, dakika 40." Hivyo tu, bila kupamba. Jambo moja nilijifunza kwa uchungu: andika saa kwa hesabu ya Kizungu. Niliwahi kuona daftari la mama mmoja lenye "saa 2 usiku" kila siku, afisa akasoma kuwa ni usiku wa manane, na ile "saa 8 usiku", ambayo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza, akaiona ni jioni ya kawaida. Picha nzima ikageuka.

Tathmini yako wewe inaangalia mambo mengine: je, kumtunza mama kunahatarisha afya yako ya mwili au ya akili, au kunakuzuia kufanya kazi, kusoma, kulea watoto, kuweka nyumba, kula vizuri, kukutana na watu? Jambo moja kati ya hayo linatosha, mradi linagusa ustawi wako kwa kiasi kikubwa. Umeacha zamu tatu za kazi, na usiku hulali. Yaseme hayo. Usiseme "nimezoea".

Kinachoweza kutoka hapo hutofautiana mahali na mahali. Inaweza kuwa mafunzo ya kumnyanyua na kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo, fedha kidogo unazopewa mkononi kwa jambo linalokupunguzia mzigo, kikundi cha watunzaji, au mtu wa kukaa na mama saa chache utoke. Halmashauri nyingi huikabidhi kazi hii kwa kituo cha watunzaji cha eneo lenu, ambacho kwa kawaida ni shirika la hisani, na unaweza kwenda huko moja kwa moja. Ila fahamu hili mapema: mtu wa kukushikia zamu kwa mama huandikwa upande wa mama, na mama anaweza kutozwa kulingana na kipato na akiba yake. Familia nyingi hushtuka ankara inapofika. Uliza kabla.

Ningeanza na vifaa, kwa sababu ndivyo vinavyobadilisha usiku wako haraka. Omba mtaalamu wa tiba-kazi aje apime kitanda, choo na bafu. Kiti cha choo kinachowekwa kando ya kitanda kinaweza kuzigeuza dakika 25 zikawa tano. Kwa England, mtu akishaonekana anastahili, vifaa vya kumsaidia nyumbani ni bure, na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000 pia ni bure. Kwa makubwa zaidi, kama bafu la kuingia bila kupanda, kuna ruzuku inayofika pauni 30,000, nayo huangalia kipato cha mgonjwa.

Pesa. Hapa mpangilio una maana, maana mlango wako unafunguliwa na wa mama. Kwanza mama aombe Attendance Allowance, posho ya waliofika umri wa pensheni na ambao wamehitaji msaada kwa miezi sita. Haijali akiba wala kipato. Kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki, au 110.40 kwa anayehitaji msaada mchana na usiku. Daftari lako ndilo litakaloonyesha huo usiku.

Mama akiipata, wewe unaweza kuomba Carer's Allowance, posho ya mtunzaji (mwaka huo ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki), kwa anayemtunza mtu saa 35 au zaidi kwa wiki na ambaye hasomi muda wote. Mshahara wako, baada ya kodi na makato yanayoruhusiwa, usizidi kikomo kilichowekwa, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 196 kwa wiki. Sasa tazama zamu zako. Kwa kima cha chini cha mshahara cha mwaka huo, pauni 12.21 kwa saa, saa 16 zilikuwa pauni 195.36. Hapo zilibaki peni 64 tu. Msimamizi akikuomba ubaki saa moja zaidi, ukakubali, unaweza kuikosa posho yote ya wiki hiyo, kwa sababu hawakati kidogo kidogo. Watu waaminifu kabisa wamejikuta wanadaiwa maelfu kwa sababu ya saa kama hizo, na wengi hawakujua. Nusu ya mchango wako wa pensheni ya kazini huondolewa kwenye hesabu, kwa hiyo kuchangia kunakupa nafasi ya kupumua. Viwango hubadilika kila Aprili. Kabla ya kuongeza saa hata moja, hakikisha kiwango cha mwaka huo, na mshahara ukibadilika toa taarifa siku hiyo hiyo.

Kama unapokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndani yake kuna nyongeza ya mtunzaji ambayo haina ukomo huo wa mshahara. Na usipopata posho yoyote, omba Carer's Credit, inayolinda rekodi yako ya pensheni ya serikali ukitunza kuanzia saa 20 kwa wiki. Wanawake wengi hugundua pengo hilo wakishafika umri wa pensheni.

Kabla ya kujaza fomu yoyote ya pesa, angalia viza. Kama yako au ya mama inasema hamruhusiwi kutumia fedha za umma, Attendance Allowance, Carer's Allowance na Universal Credit zote zimo katika katazo hilo, na kuziomba kunaweza kuharibu maombi yenu ya baadaye. Ongea kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Tathmini ya mtunzaji haimo katika katazo hilo, wala huduma za kituo cha watunzaji. Na hata bila katazo, kwa Attendance Allowance mama kwa kawaida awe amekaa nchini angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita.

Kazini, tangu tarehe 6 Aprili 2024 una haki ya likizo ya wiki moja kwa mwaka kwa ajili ya kumtunza mama, tangu siku ya kwanza ya ajira. Haina malipo, lakini mwajiri hawezi kuikataa. Anaweza kuisogeza mbele tu kama kazi itavurugika. Kwa GP, yaani daktari wako wa mtaani, jiandikishe kama mtunzaji. Utapata chanjo ya mafua bure, na daktari akiliona hilo kwenye faili lako atakuelewa ukisema mgongo unauma.

Ukikataliwa na halmashauri, sheria inawalazimu wakupe sababu kwa maandishi. Ziombe, kisha ulalamike kwao, na wasipotengeneza kuna mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri, ambaye hatozi chochote. Kwa posho, una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Usiupitishe. (Ndugu walioko Scotland: huko sheria na majina ya posho ni tofauti, haya ya hapa msiyatumie.)

La mwisho ulifanye leo usiku, kabla hata ya simu. Chukua karatasi moja uandike dawa za mama na saa zake, upande alio dhaifu, jinsi ya kumsimamisha, anachoogopa, lugha anayoielewa akiwa na hofu, na majina ya watu wawili wanaoweza kuja nyumbani wewe ukipata ajali. Ibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa, na nakala yake uiweke kwenye pochi unayokwenda nayo kazini.