Maswali na Majibu: Kusakinisha Python Kutoka Msimbo Chanzo

Kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04 iliyokuja na Python 3.10. Nilipopata 3.13 nilibadilisha kiungo cha /usr/bin/python3 kielekee huko, na tangu hapo terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, haifunguki. Je, nisakinishe mfumo wote upya?

La, usifute chochote. Katika Ubuntu hiyo, terminali huanzishwa na programu ndogo iliyoandikwa kwa Python, nayo hutegemea maktaba iitwayo gi iliyotengenezwa kwa ajili ya 3.10. Ulipoikabidhi kwa 3.13, haikuiona maktaba yake, ikazimika bila kukuambia neno. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nenosiri lako katika skrini nyeusi itakayotokea, andika `sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`, kisha uwashe kompyuta upya. Nakusihi usikiguse tena kiungo hicho: Python iliyokuja na mfumo ni mali ya mfumo, na sisi wenye miradi yetu tunapaswa kutafuta ya kwetu.

Basi hiyo ya kwangu niiweke wapi, na kwa nini wengine husema `make altinstall` badala ya `make install`?

Iweke ndani ya folda yako ya nyumbani, mahali pasipohitaji sudo, yaani ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Ukiwa ndani ya folda ya msimbo chanzo (maandishi asili ya programu) uliokwisha kufunguliwa, andika `./configure --prefix=$HOME/python313`, kisha `make -j4`, kisha `make altinstall`. Amri hii ya mwisho huweka programu kwa jina la python3.13 peke yake, ilhali `make install` huongeza na jina la python3, na hilo ndilo jina linaloleta mgongano.

Nimefuata hatua zote na make ilimaliza salama, lakini pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, inakataa kupakua chochote, ikidai kwamba moduli ya ssl, ile ya mawasiliano salama ya mtandao, haipo.

Make ilikuonya, ila kwa sauti ya chini. Pandisha skrini mistari michache kutoka mwisho wa kazi yake, utakuta orodha fupi ya moduli zilizoshindwa kujengwa, na bila shaka `_ssl` imo. Moduli hizo husimama juu ya maktaba za lugha ya C, na ili zijengwe ni lazima faili za maelezo ya maktaba hizo, zile zinazoishia na `.h`, ziwepo wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu. Kuwa na OpenSSL, maktaba ambayo `_ssl` huitegemea, inayofanya kazi hakutoshi. Hapa ndipo wengi wanaoanza hukata tamaa, na inaniuma, kwa sababu dawa yake ni mstari mmoja:

`sudo apt install build-essential libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libbz2-dev libsqlite3-dev liblzma-dev libreadline-dev`

Kisha andika `make distclean` na uanze tena tangu `./configure`, kwani ni hatua hiyo inayokagua kilichopo na kisichopo. Mwishoni jaribu `~/python313/bin/python3.13 -c "import ssl, sqlite3, ctypes"`. Ikirudi kimya, umefanikiwa.

Nina miradi miwili inayotumia Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python: mmoja toleo la 5.1 na mwingine 5.2. Je, nikompaili Python mara mbili?

Hapana, Python moja itaihudumia miradi yote miwili, mradi kila mmoja uwe na mazingira yake yaliyotengwa. Zana ya venv imo ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Ingia katika folda ya mradi, andika `~/python313/bin/python3.13 -m venv .venv`, kisha `source .venv/bin/activate`, vifurushi utakavyosakinisha baada ya hapo vitakaa ndani ya mradi huo tu.

Nimehamisha folda ya mradi, na sasa pip ya ndani yake inasema faili haipo.

Fungua faili ya `.venv/bin/pip` usome mstari wake wa kwanza: utaona njia kamili ya mahali pa zamani. Mazingira haya hayahamishwi, hutengenezwa upya. Kwa hiyo kabla ya kuhama hifadhi orodha ya vifurushi kwa `pip freeze > requirements.txt`, na ukifika unakokwenda futa `.venv`, utengeneze nyingine, uiwashe, kisha uandike `pip install -r requirements.txt`. Kwako wewe uliyekwisha kuhama, rudisha folda mahali pake kwanza, uchukue orodha hiyo.