Wasomaji wanauliza: Bima nimelipa miaka yote, mbona wamenikatalia?

Mwezi huu meseji zenu nyingi ni za kilio kimoja, bima. Nimechagua maswali manne, mengine yanafanana nayo sana kwa hiyo usipojiona humu jitafute kwenye jibu la mwenzio.

SWALI: Gari yangu niliikatia bima kubwa. Wikiendi nilikuwa nabeba abiria kwa ile mitandao ya usafiri nipate hela ya mafuta. Nimepata ajali, gari imeharibika vibaya, kampuni imekataa kulipa eti bima ni ya matumizi binafsi. Lakini ajali ilitokea nikiwa peke yangu, abiria nilishamshusha! Na fomu alijaza wakala, mimi nilisaini tu.
Dereva wa Wikiendi

JIBU: Pole kaka. Hapo kwenye "nilisaini tu" ndipo kleimu yako, yaani madai yako ya kulipwa, ilipofia, maana watu wanadhani kleimu inakataliwa siku ya ajali kumbe nyingi zinakuwa zimeshakufa siku ya fomu, mtu ana haraka, wakala anatiki tu viboksi, wewe unaweka sahihi na kuondoka na stika yako. Gari ya biashara inashinda barabarani, hatari yake ni kubwa, bei ya bima yake iko juu, wao wanaona ulilipia kitu kimoja ukatumia kingine.

Ila usikate tamaa mapema, soma barua yao vizuri uone wamekataa kwa sababu ipi, kwa sababu hapa kuna sababu mbili tofauti na watu wanazichanganya. Kama mkataba unasema bima haifanyi kazi "wakati gari inabeba abiria wa kulipia", basi unayo hoja, abiria alishashuka, japo watakuuliza kama app ilikuwa bado imewashwa na ulikuwa unamfuata mwingine. Lakini kama wanasema ulidanganya kwenye fomu, hapo habari ya abiria kushuka haikusaidii kitu, wanasema mkataba wenyewe una kasoro tangu mwanzo. Swali ni ulianza lini hiyo biashara, kabla ya kusaini au baada? Kama ni baada, angalia kama mkataba ulikutaka uwaarifu ukibadilisha matumizi. Na kama ulimwambia wakala ukweli yeye akaandika vyake, tafuta meseji mlizochati, zinaweza kubadilisha kila kitu. Kama mliongea kwa mdomo tu, mh, itakuwa kazi.

SWALI: Mama kafanyiwa oparesheni ya goti. Bima ya afya imegoma kulipa, wanasema alikuwa na presha kabla hajajiunga na hatukusema. Hatukuulizwa jamani! Na presha na goti wapi na wapi?
Binti Mwenye Hasira

JIBU: Dada, hasira yako ina msingi lakini ianzie kwenye makaratasi. Omba nakala ya fomu mliyojaza, uone swali liliandikwaje. Kuna fomu inauliza "una ugonjwa wowote wa kudumu?" na watu wengi wenye presha wanajibu hapana kwa sababu wanameza kidonge na wanajisikia poa. Kwa kampuni hilo ni jibu la uongo hata kama mama hakuwa na nia mbaya.

Kanuni yenyewe ni ya zamani, bima ni mkataba wa kuaminiana kuliko mikataba mingine, jaji Lord Mansfield wa Uingereza aliieleza mwaka 1766 kwenye kesi ya ngome moja iliyokatiwa bima kule Sumatra. Kinachonifurahisha ni kwamba aliyeshinda siku ile ni mteja aliyekata bima, sio kampuni, jaji alisema uaminifu unawabana wote wawili na huna kosa kwa kutomwambia mtu jambo analolijua tayari au alilopaswa kulijua. Na hao hao Waingereza mwaka 2012 walitunga sheria kwamba mteja wa kawaida hana tena wajibu wa kujikumbusha na kutaja kila kitu mwenyewe, kampuni ndiyo iulize, yeye awe makini asijibu uongo. Sio kila nchi iko hivyo, kwingine bado unatakiwa useme hata usipoulizwa, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu.

Kuhusu goti, waulize kwa maandishi: mngejua ana presha mngefanya nini? Mngemkataa, mngepandisha bei, au mngemchukua vile vile? Kama wangemchukua vile vile msimamo wao unalegea sana. Halafu hakikisha tatizo sio lingine tu, kwamba kipindi cha kusubiri (muda baada ya kujiunga ambao bima bado hailipi baadhi ya matibabu) hakijaisha, au hospitali haikuomba kibali kabla ya oparesheni, au wamekosea kuandika namba ya ugonjwa. Hizo mbili za mwisho ni za makaratasi, zinaweza kurekebishika, mwombe daktari barua inayosema goti lilianza lini.

SWALI: Nilichelewa kulipa kidogo tu, nikaibiwa katikati. Wamesema bima ilishakufa.

JIBU: Angalia kama mkataba una siku za nyongeza, yaani siku chache baada ya tarehe ya kulipa ambazo bima bado iko hai, na kama wizi uliangukia ndani yake. Kama uko nje ya hizo siku, sina cha kukufariji. Kama benki ndiyo ilishindwa kukata hela wakati hela ilikuwepo, chukua taarifa ya akaunti uwapelekee.

SWALI: Jiko la nyumba yangu limeungua, hasara milioni 5, wananipa milioni 3. Wameleta karatasi nisaini nichukue hela. Nisaini?
Mama Jiko

JIBU: Usisaini leo! Kwanza uliza nyumba umeikatia bima ya kiasi gani. Tuseme kuijenga upya ni milioni 10 na wewe uliandika milioni 6 ili ulipe kidogo, basi wanahesabu umejikatia bima asilimia 60 na kila hasara wanalipa asilimia 60 yake, ndio hiyo milioni 3. Inauma lakini kama kipengele cha kulipa hivyo kipo kwenye mkataba hesabu yao ni sahihi. Wengine wanaandika bei ya kuuzia nyumba na kiwanja chake, au thamani ya miaka ya nyuma, wakati kinachotakiwa ni gharama ya kujenga leo.

Kama hesabu haiingii akilini, waambie wakupe ripoti ya asesa, yule mtaalamu aliyekagua hasara, na namba ya kipengele walichotumia. Hiyo karatasi mara nyingi ina sentensi ya kwamba umelipwa yote na hutadai tena, ukishasaini umejifungia mlango. Waombe wakulipe kile wasichobishia huku mkiendelea kubishana kilichobaki, kampuni nyingine zinakubali. Wakigoma, andika malalamiko rasmi kwao kwanza, kisha nenda kwa mamlaka inayosimamia bima au msuluhishi wa migogoro kama yupo, na uliza mapema mwisho wa kwenda mahakamani ni lini, kwa sababu mikataba mingine inaweka muda mfupi na hizo siku zinaweza kuwa zinahesabika wakati nyie mnaandikiana barua.