Pikapu mpya: shoroomu kubwa ya Kisumu au wakala mdogo wa karibu?

Dada wa Kimilili, nimelisoma swali lako mara mbili. Mkopo wa sacco umeshapita, unataka pikapu mpya ya kabini moja ya kubebea maziwa na chakula cha kuku. Mzee wa nyumba anasema mwende Kisumu kwenye shoroomu kubwa, nawe umeshaongea na wakala mdogo wa Bungoma. Mimi nimenunua kwa wakubwa na kwa wadogo. Ya kwanza niliichukua Nakuru mwaka 2013, nikilima viazi Molo. Ya pili ni ya 2019, baada ya kurudi nyumbani Lugari, kwa wakala mwenye ofisi ya vyumba viwili na magari mawili tu mlangoni. Leo ningeanza na yule mdogo, ila kuna jambo la kuthibitisha kabla hujatoa hata shilingi.

Wadogo si wa aina moja. Kuna wakala aliyeidhinishwa na msambazaji mkuu wa Nairobi. Huyu anakuuzia gari lile lile ambalo ungelikuta kwenye shoroomu kubwa, na waranti si yake, ni ya msambazaji, kwa hiyo inakufuata hata ukiharibikiwa Eldoret au Naivasha. Halafu kuna yadi inayojiletea gari lisilotembea kutoka ng'ambo na kuliuza kama jipya. Jipya ni jipya, lakini waranti yake inaweza kukataliwa na msambazaji wa hapa, ubaki na ahadi ya mwenye yadi peke yake. Kwa hiyo pigia makao makuu Nairobi, kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile utakayopewa na wakala. Uliza mambo mawili: je, huyu yuko kwenye orodha yenu? Na je, anaruhusiwa kutengeneza magari yaliyo chini ya waranti, au anaruhusiwa kuuza tu? La pili watu hulisahau, na ndilo litakalokuumiza.

Sasa nikueleze ya Nakuru. Nilipokelewa vizuri, nikakalishwa, nikapewa chai, kijana wa mauzo akaniahidi gari baada ya wiki mbili. Nikalipa dipoziti. Viazi vikishachimbwa havingoji mtu, nami nilikuwa nimepanga mavuno kwa kuitegemea ile pikapu. Ilikuja wiki ya saba. Kufikia hapo yule kijana alikuwa amehamishiwa tawi jingine, na aliyeshika nafasi yake hakujua lolote kuhusu turubali na mpira wa sakafu ya bodi nilioahidiwa. Sikuwa na karatasi. Nilikodi malori ya watu msimu mzima, na bado inaniuma nikikumbuka, kwa sababu zile zilikuwa pesa za karo.

Lakini haki yao niwape. Miaka miwili baadaye klachi ilinisumbua nikipanda Timboroa, nikaikokota mpaka karakana yao. Spea ilikuwa kwenye rafu, na kesho yake jioni nikatoka nikiendesha. Hapo ndipo ukubwa una maana: stoo.

Kwa wakala mdogo mambo yaligeuka. Mwenye duka ndiye aliyeniuzia, ndiye aliyeshughulikia usajili wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na nilipokuja kuchukua gari nikakuta uzito umeshaandikwa mlangoni na chevroni, zile stika za kuakisi mwanga, zimebandikwa nyuma, tayari kwa barabara. Jioni moja taa ya injini iliwaka nikiwa karibu na Webuye. Nilimpigia yeye mwenyewe, akamtuma makanika kwa bodaboda na mashine ya kusoma hitilafu. Ilikuwa sensa, yaani kihisi kimoja cha injini. Hakuwa nayo. Ilitoka Nairobi na kunifikia siku ya nne, na katika siku hizo aliniazima pikapu yake kuukuu asubuhi mbili. Huo ulikuwa utu wake, haumo kwenye mkataba wowote, usiutegemee. Wewe unabeba maziwa; maziwa hayawezi kukaa siku nne. Muulize wa Bungoma anaweka spea gani dukani: filta za dizeli, filta za hewa, pedi za breki, klachi. Akikuonyesha rafu, vizuri. Akikuonyesha katalogi, fikiria tena.

Kuhusu bei, usitegemee tofauti kubwa kati yao, maana wakala hupata kamisheni tu kutoka kwa msambazaji. Chukua profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, ya Kisumu, uiweke mezani Bungoma. Mimi sikupunguziwa bei, lakini nilipata sevisi mbili za bure na mpira wa bodi.

Profoma iseme kila kitu: bei pamoja na VAT ya 16%, usajili na nambari za gari, vifaa vyote ulivyoahidiwa, tarehe ya kukabidhiwa, na utarudishiwa nini wakichelewa. Iseme pia mwaka gari lilipoundwa. Gari likikaa shoroomu tangu mwaka jana, logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, itaandika mwaka huo wa jana, na siku ya kuuza utakatwa bei. Waweza kuanza na tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Pesa ziende kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya muuzaji, na udai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi KRA, kwa ajili ya biashara yako. Logbuku itakuwa na jina lako na la sacco mpaka umalize mkopo, usishtuke.

Na sevisi. Vumbi la barabara zetu za murramu huziba filta ya hewa upesi mno. Langu nalipeleka kila kilomita 5,000 bila kukosa, kitabu kinapigwa muhuri. Fundi wa mtaani asiguse oili kabla waranti haijaisha, hata awe binamu yako, kwa sababu wakikuta pengo kwenye kitabu wana njia ya kukukatalia.

Kabla ya kuamua, fanya nilivyofanya 2019. Nenda siku ya kazi, saa mbili asubuhi, usiingie shoroomu. Simama kwenye lango la karakana, Kisumu siku moja na Bungoma siku nyingine, uongee na madereva wanaoleta magari. Waulize wamengoja siku ngapi mara ya mwisho, na walikuwa wanangojea nini. Kisha urudi utuambie walichosema.