Hawa vinyuki wanaokata mawaridi

SWALI: Shikamoo shangazi, niko Pongwe, Tanga. Kuna vinyuki vinakata majani ya mawaridi yangu viduara kabisa kama kwa mkasi, vinaingia navyo kwenye tobo la ukuta. Nikivitengenezea nyumba si nitaleta kundi la kutuuma?

JIBU: Marahaba mwanangu, wala usiogope, hao kila jike anaishi kivyake, hana mzinga wala asali ya kulinda. Kata mianzi mikavu sentimita 15 hivi, fundo libaki nyuma, matundu ya milimita 6 mpaka 10, piga msasa mdomoni maana vinyuzi vinachana mabawa, funga fungu ulikaze chini ya bati lisicheze. Tundu likizibwa na majani mayai yamo, usichokonoe! Umepanda pasheni? Weka na boriti ya mkonge iliyokauka, wale nyuki weusi wakubwa wataitoboa wenyewe, ndo wachavushaji wake.